Waya flati ya nyumba ndani ya kisima: RCD inakata, fundi anataka aitoe

mama_bustani:

Wakuu habari za leo, naomba ushauri kabla sijatoa hela kwa hasira. Nina kisima huku Kigamboni, kimechimbwa mita 70, pampu imening'inizwa mita 60, ni ile ya inchi 4, HP moja, umeme wa kawaida wa nyumbani, kapasita iko humo humo ndani ya mota kwa hiyo juu hakuna lile boksi la kuwashia, ni waya tu inatoka kisimani inakuja kwenye swichi halafu mita kama 25 mpaka kwenye meni switchi ya nyumba. Imefanya kazi miezi minane bila neno, namwagilia mchicha na bamia, tanki linajaa, nikawa najisifu kwa majirani.

Sasa mwezi wa pili huu RCD, ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, inakata. Ilianza mara moja kwa wiki, ikawa kila pampu ikifika dakika kumi, juzi sasa hata sijatoa mkono kwenye swichi nyumba nzima giza. Nimemwita fundi yule yule aliyefunga, kaangalia kama dakika tano akasema RCD yangu ni "nyepesi", tuitoe tuweke breka ya kawaida mambo yaishe. Nilivyokataa akabadilika, akasema basi pampu imeungua, mpya laki sita na nusu na ufundi wake pembeni. Yaani majibu mawili tofauti ndani ya soda moja!

Swali langu, nitajuaje kama shida ni pampu au ni kitu kingine kabla sijaivuta? Waya aliyotumia ni ile flati ya kijivu, alisema 2.5 inatosha kabisa kwa HP moja.

---

dogo_janja_tz:

Pampu hiyo imekwenda dada. Za bei rahisi ndivyo zilivyo, mwaka haufiki. Nunua nyingine tu upate amani

---

fundi_visima:

Dogo acha kuua pampu ya watu ukiwa umekaa kwenye sofa.

Mama bustani kwanza nakupa pole na nakupa hongera kwa kukataa hiyo RCD isitolewe. Shika hapo hapo. RCD ya nyumbani kwa kawaida ni ya miliampia 30, kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikiona kuna unaopotelea ardhini inakata. Ukichukua 230 ukagawa kwa hiyo 0.03 unapata kama omu 7,700, maana yake kukata kwenyewe ni taarifa kwamba insulesheni (ganda la kuzuia umeme usitoke) ya kitu fulani imeshuka mpaka huko. Waya na mota nzima ikiwa kisimani, ukiipima kwa mega, kile kipimo cha insulesheni, kwa volti 500, inatakiwa isome megaomu, yaani mamilioni ya omu. Mimi ikisoma juu ya megaomu 2 nalala usingizi, ikishuka chini ya nusu megaomu naanza kutafuta jeraha liko wapi. Sasa wewe uko kwenye maelfu! Ukitoa RCD ule umeme hauachi kuvuja, unachotoa ni shahidi tu.

Nina swali moja, naomba ulijibu kabla sijaendelea. Una kipande cha hiyo waya flati kilichobaki? Kichune utuambie ndani kuna nini na nje imeandikwa nini.

---

mama_bustani:

Kipo stoo mita kama sita. Nje maandishi yamefifia lakini nasoma 300/500V na 2.5. Nimechuna kwa kisu cha jikoni, ndani kuna nyekundu, nyeusi, halafu katikati kuna shaba tupu nyembamba kidogo haina plastiki yoyote.

---

fundi_visima:

Nilijua tu. Ukisikia "flati" dukani kuna ndugu wawili wanaofanana sura tabia mbalimbali, na huyo uliye naye ni wa ukutani.

Flati ya nyumba imetengenezwa ikae kwenye plasta au ipigwe klipu juu ya ubao, pakavu. Laivu (inayoleta umeme) ina ganda lake, nyutro (inayourudisha) ina ganda lake, ethi (ya ardhini) wanaiacha uchi kwa sababu ganda la nje la kijivu linatosha kuilinda na ukuta haunywi maji, basi wanaokoa plastiki na unene. Lile ganda la nje kazi yake kubwa ni kuzuia mikwaruzo, halikutengenezwa kuishi ndani ya maji miaka kumi. Sasa ishushe kisimani. Ikipata mchubuko mdogo tu, hata wa ukucha, maji yanaingia yanakuta kanafasi kembamba pembeni ya ile shaba tupu na yanafuata kanafasi hako kama mfereji, yanakwenda juu na chini mita nyingi kutoka palipochubuka. Kuanzia hapo kati ya laivu na ethi yako kumebaki plastiki moja tu ambayo haifiki hata milimita moja, na kokote ilikokwaruzwa kidogo tayari umeme unaonana na ethi uso kwa uso. Na maji ya Kigamboni tunayajua, chumvi, yanapitisha umeme vizuri kuliko ya mvua.

Flati ya kisima nayo ni bapa hivyo hivyo ila kila waya ndani ina ganda lake MPAKA ETHI, ile ya kijani na njano, halafu ganda la nje nene limezijaza zote vizuri na plastiki au raba yake ni ya kukaa majini muda wote. Ya kutoka India utakuta imeandikwa volti 1100. Kuna nyingine za raba za Ulaya, hapo angalia herufi kwa makini maana H07RN-F ni raba nzuri ya kwenye mashine na saiti lakini ya kuishi ndani ya maji ni H07RN8-F, ile 8 katikati ndiyo unayoilipia. Muuzaji atakwambia zote sawa. Siyo sawa.

Kwa nini iwe bapa? Kwa sababu ya nafasi. Pampu ya inchi 4 ndani ya kesingi (bomba la ukuta wa kisima) ya inchi 5 pembeni inabaki nafasi ya vidole tu, waya ya duara inatuna na kusuguliwa kati ya pampu na kesingi, bapa inalala juu ya bomba kama mkanda. Pia inakunjika vizuri upande mmoja ukiwa unaizungusha kwenye roli. Tatizo lake inaletea taabu kwenye glandi ya mfuniko, pale waya inapopita na kubanwa, watu wanaweka glandi ya tundu la duara pembeni kunabaki uwazi, mjusi anaingia, sisimizi wanaingia, maji ya mvua yanaingia. Kuna glandi za tundu bapa, tafuta hiyo.

Kuhusu saizi fundi wako hakukosea, nampa haki yake. Mota ya HP moja inakula kama ampia 6, waya ya 2.5 inapoteza milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita, una mita 60 na 25 jumla 85, zidisha inakuja volti 9 na kitu, asilimia 4 ya 230. Inakubalika. Angeweka 1.5 ungepoteza karibu volti 15 na mota ingekuwa inaanza kwa kuguna. Kwa hiyo kapiga hesabu ya unene vizuri akasahau kwamba inakwenda kuogelea.

---

mzee_wa_nondo:

Mnakuza mambo jamani. Mimi nina kisima changu cha mita 18 nimefunga hiyo hiyo flati ya nyumba mwaka wa nne huu inapiga kazi. Waya ni shaba tu. Hizi za "submasibo", za kuzama majini, ni biashara ya maduka, mita moja bei mara mbili.

---

fundi_visima:

Mzee heshima yako, na RCD unayo?

---

mzee_wa_nondo:

Sina, nyumba ya zamani ile ina kata-auti za fyuzi

---

fundi_visima:

Basi mzee wangu hujui kama inapiga kazi salama au inavuja, maana hakuna kitu nyumbani kwako chenye uwezo wa kukwambia. Fyuzi ya ampia 15 haiwezi kusikia kitu cha miliampia 50, na hiyo 50 ikipita mwilini inatosha kuzika mtu. Azima mega siku moja upime, mimi nitafurahi ukirudi kunicheka.

---

kuku_na_mayai:

Samahani naingilia, kwani hiyo kuvuja ndiyo inafanya LUKU iishe haraka? Mimi uniti zinaniishia kama nafuga tembo

---

fundi_visima:

Hapana, tusiisingizie. Hata ikivuja miliampia 46 ni wati kama 10, kitaa kidogo tu, iachie saa 24 ni robo uniti. Wewe angalia friji na pasi. Huku tatizo siyo hela, ni mtu kushika bomba la chuma akiwa na miguu yenye maji.

---

machakos_maji:

Niaje wasee, mimi niko Machakos, kazi yangu ni hizi boreholi, wacha niongeze moja tu kwa sababu hata mtu akinunua kebo ya ukweli anaharibia kwa joinsti, pale waya zinaungana. Mwaka jana niliitwa mahali pampu iko mita 110, kebo ni ile poa kabisa ya majini, stima inakata kila siku. Tukavuta. Pale kebo inaungana na ile kamkia ya mota, fundi alikuwa amefunga tepu nyeusi peke yake, safu kama tano hivi, imenona kama chapati. Nikaikata, maji yakadondoka kutoka NDANI ya shaba. Maji hupanda kwenye zile nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi, huwezi ona kwa nje, ganda liko sawa kabisa lakini ndani ni mto. Ilibidi nikate karibu mita mbili ndio nipate shaba inang'aa.

Watu husahau presha. Kila mita 10 za maji ni baa moja, kama maji yako yanasimama mita 25 na pampu iko 60 hapo joinsti imebebeshwa mita 35, hiyo ni baa tatu na nusu, tairi ya gari ndogo haifiki hapo. Sasa tepu ya gundi ya shilingi hamsini itashikilia hiyo?

Vile mimi hufanya, kwanza sikati waya zote urefu mmoja, nakata kwa ngazi, moja fupi, ya pili ndefu kidogo, ya tatu ndefu zaidi, ndio vile vifundo visilale pamoja vikavimba, kumbuka tunataka ibaki bapa ipite kwa kesingi. Kutenganisha kebo bapa ni pole pole, usipitishe kisu katikati kama unapasua omena, ukigusa ganda la ndani anza tena. Kila waya ina kiungio chake cha shaba cha kukrimpu (kubana) kwa koleo la kukrimpu, SIO pilaisi. Halafu ule mrija unaonywea kwa moto, lakini ule wenye gundi ndani, ukiupasha unaona gundi inatoka kidogo kila upande, hapo umejua imeziba. Moto uwe wa kutembea, usichome mahali pamoja. Ukishafunga kila moja unavika mrija mkubwa juu ya zote. Kama hakuna mirija tumia tepu ya raba ile inajishika yenyewe, uivute mpaka ikonde, kila mzunguko ufunike nusu ya ule wa kwanza, juu ndio uweke hiyo nyeusi ya kawaida kama shati tu.

Na kabla hujashusha, ndoo. Ndoo ya maji, ngumi mbili za chumvi, zamisha joinsti usiku mzima, miisho ya waya iwe nje. Asubuhi mguu mmoja wa mega kwa shaba, mwingine ndani ya maji. Kama inasoma vibaya kwa ndoo, kisimani itasoma vibaya zaidi, na ndoo haihitaji vijana wanne wa kuvuta.

---

mama_bustani:

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Sasa nipime vipi bila kuvuta? Kuna kijana wa chuo cha ufundi hapa jirani ana mega.

---

fundi_visima:

Zima meni kabisa. Fungua waya za pampu pale kwenye swichi ya kisimani zote tatu, zisiguse kitu chochote cha nyumba, maana volti 500 za mega zikiingia kwenye vifaa vya elektroniki utanunua na vingine. Laivu na nyutro ya pampu zishikishe pamoja, mguu mmoja hapo, mguu mwingine kwenye ethi ya pampu. Bonyeza, subiri mshale utulie. Hiyo namba inajumlisha waya, joinsti na mota, kwa hiyo ikiwa mbovu haikwambii nani mkosaji, utalazimika kuvuta. Ukishavuta kata waya juu ya joinsti, pima mota peke yake, pima waya peke yake. Pampu isihukumiwe kabla ya hapo.

Na kijana asitumie multimita ya kawaida kwa kazi hii, betri yake ndogo haisukumi, inaweza kusema insulesheni nzuri wakati ni mbovu.

---

mama_bustani:

Wakuu nimerudi. Jumamosi tumevuta, vijana wanne na mjomba mmoja wa kutoa amri.

Kabla ya kuvuta mega ilisoma kiloomu 5! Kijana kapiga hesabu pale pale akasema 230 gawa kwa 5,000 ni miliampia 46, RCD ilikuwa na haki ya kukata.

Sasa sikilizeni tulichokikuta. Waya ilifungwa kwenye bomba kwa binding waya, ile ya kufungia nondo, kila baada ya mita mbili tatu, imekazwa kwa pilaisi. Ile pampu kila inapowaka bomba linajinyonga kidogo, basi vile vifundo vya binding vimekuwa vinakata ganda kama msumeno, nimehesabu sehemu saba zimekatwa. Mojawapo kama mita 30 kwenda chini tulipopachana tukaona ile ethi tupu imegeuka kijani, unga wa kijani kabisa, tukaendelea kuchana kwenda chini kijani bado ipo, kwenda juu bado ipo, nikaacha kuchana nikakaa chini. Joinsti ilikuwa tepu nyeusi tupu, machakos_maji ulivyosema, imenona kama chapati na imelainika inateleza mkononi.

Tukakata. Mota peke yake mega imepita megaomu 200. Nzima!! Laki sita na nusu ilikuwa inaondoka kwa mota nzima. Waya peke yake, kiloomu.

Nimenunua flati ya kisima koa tatu (waya tatu ndani) 2.5, nimemchunia muuzaji kipande mbele yake nikaona ethi ina ganda lake ndipo nikatoa hela, kanuna lakini kauza. Kijana kafunga joinsti kwa ngazi na mirija ya gundi, ndoo ya chumvi usiku kucha, asubuhi mega imekwenda mwisho wa kipimo. Tumefunga kwa tai za plastiki kila mita 3, waya tumeiachia ulegevu kidogo kati ya tai na tai maana kijana alisema bomba la poli linarefuka likibeba maji na waya ikiwa imekazwa ndiyo itakayobeba pampu badala ya kamba. Ikiwa kisimani tayari imesoma megaomu 80. Jana na leo nimejaza tanki mara tatu, RCD imetulia.

Fundi wangu nimempigia kumwambia, kasema "si nilikwambia ni waya". Sina la kuongeza.

Swali la mwisho, ile flati ya kijivu ya stoo mita sita ambayo haijaingia majini nifanyie nini?

---

fundi_visima:

Hongera sana. Hizo sita funga soketi ya banda la kuku au taa ya stoo, ndiko kwao huko, pakavu. Ethi yake tupu ukiifikisha kwenye soketi ivike soksi ya kijani na njano, wengi wanaiacha uchi inakuja kugusa skrubu ya laivu.

Na ile ya kisimani iliyokatwa usimwachie mtu aisafishe auze. Mita 60 za hivyo kuna mtu ataziweka ukutani kwake.

---

mzee_wa_nondo:

Mama bustani huyo kijana wa mega anapatikana siku gani? Nauliza tu